Mechi Tatu Zilizobaki

Wakati wa kiangazi, upepo ukitoka upande wa ziwa, uwanja wetu wa mpira pale Nakuru ulinuka magadi na kinyesi cha ndege. Vumbi jeupe lilipanda kutoka kwenye ufuko uliokauka, likavuka ua wa mbuga ya wanyama na kutua midomoni mwetu, nasi tukawa tunalamba chumvi ile huku tukiishangilia timu. Wachezaji wageni walikohoa kipindi chote cha kwanza. Baba yangu, aliyekuwa kipa na nahodha, alizipenda siku za namna hiyo. Alisema mshambuliaji anayefikicha macho huwa hana shabaha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mpaka leo nikisikia neno ubingwa, harufu hiyo ndiyo hunijia kwanza, ikichanganyika na ya mahindi ya kuchoma yaliyouzwa nyuma ya goli, na ya jasho la watu waliosimama bega kwa bega kwa sababu viti vilikuwa vichache.

Timu yetu iliitwa Vifaru, na haikuwahi kushinda kitu. Ilikuwa timu ya watu wenye kazi nyingine. Baba alifanya kazi katika kinu cha unga na kila jioni alikwenda mazoezini nyusi zikiwa bado nyeupe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba na alikuwa amemwahidi mama kwamba msimu ule ungekuwa wa mwisho. Mbele yake alicheza beki mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Kiprono, fundi wa kuchomelea vyuma. Kiprono na familia yake waliishi katika ploti yetu, nyumba za kupanga zenye ua mmoja, mlango wao ukitazamana na wetu, na mimi na binti yake Chebet tulikuwa darasa moja. Uwanjani baba yangu alimwelekeza Kiprono kwa Kikuyu. Akisema “Tiga,” Kiprono aliuacha mpira upite, naye baba akaudaka. Kiprono alimjibu kwa Kikalenjin, na baba akasogea hatua mbili kulia au kushoto kama alivyoambiwa. Hakuna aliyewahi kumfundisha mwenzake. Walikuwa wamecheza pamoja miaka tisa, na maneno yalikuwa yameingia yenyewe.

Msimu ule ulianza vibaya. Viongozi wa chama cha mpira walikuwa wakigombania ofisi, kwa hiyo ligi ilichelewa kuanza na ikafika Desemba kabla ya kumalizika. Sisi hatukujali, kwa sababu tulikuwa tunashinda. Mimi na Chebet tuliandika msimamo wa ligi kwa mkaa kwenye ukuta wa bafu la ploti, na kila Jumapili jioni tulifuta na kuandika upya, Vifaru wakipanda kutoka nafasi ya tisa hadi ya tano, kisha ya pili. Mwishoni mwa Novemba tulikuwa juu, pointi moja mbele ya timu moja kubwa ya Nairobi ambayo wachezaji wake walisafiri kwa basi lao wenyewe. Zilibaki mechi tatu. Ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Wanairobi hao hao. Watu wazima ambao hawakuwahi kumsalimia baba sasa walivuka barabara ili wamshike mkono, na mama mwenye nyumba, mwanamke mkali sana, aliuona ukuta wake ulivyochafuliwa akasema tu kwamba tumekosea idadi ya mabao.

Kisha ikaja barua ya chama. Kocha wetu, Mwalimu Odhiambo, aliwasomea wachezaji baada ya mazoezi, nasi tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tukisikiliza. Mechi zote zilikuwa zimesogezwa mbele hadi baada ya uchaguzi, kwa sababu polisi wangekuwa na kazi nyingi. Ilikuwa wiki chache tu, alisema. Nakumbuka baba aliichukua ile karatasi akaisoma mwenyewe mara mbili. Hakupenda. Alisema timu iliyo kwenye mwendo hailazwi. Lakini waliendelea na mazoezi, hata siku ya Krismasi asubuhi, na siku ya kupiga kura baba na Kiprono walipanga foleni pamoja tangu alfajiri. Sikujua walimpigia nani. Nilidhani uchaguzi ni kitu kama mapumziko kati ya kipindi cha kwanza na cha pili.

Matokeo yalipotangazwa na upande mmoja ukayakataa, jambo la kwanza nililoliona ni moshi upande wa juu wa mji, halafu maduka yakafungwa yote kwa pamoja. Siku ya tatu watu walianza kuteremka kutoka mashambani, wengine kwenye malori, wengine kwa miguu, wakiwa na magodoro vichwani na kuku mikononi. Binamu ya mama, Mama Njeri, alifika kwetu na watoto wawili na sufuria moja, nyumba yake ikiwa imeteketea. Uwanja wetu ulijaa mahema. Siku nilipopelekwa huko na mama kupeleka uji, niliona nguo zimeanikwa kwenye mwamba wa goli la baba, na mwanamke amewasha moto pale hasa penye alama ya penalti. Niliwahurumia watu wale. Lakini nitasema ukweli: niliwakasirikia pia, na hasira hiyo sikumwambia mtu.

Huku mtaani mambo yaligeuka. Vijana waliokuwa wakipiga ngoma kwenye mechi zetu sasa walisimama njia panda na marungu na mapanga, wakisema wanalipiza yale Wakalenjin waliyowatendea Wakikuyu mashambani. Asubuhi moja jirani alimwambia mama kwa sauti ya chini kwamba usiku ule wangekuja katika ploti yetu kumtafuta Kiprono. Baba hakungoja. Aliwapigia simu wachezaji mmoja mmoja, na kabla ya saa nne asubuhi, saba kati yao walikuwa uani kwetu, pamoja na Mwalimu Odhiambo ambaye, kwa kuwa ni Mjaluo, naye hakuwa salama kutembea barabara ile. Baba alitoa jezi zote kwenye gunia akawagawia. Kiprono alivaa namba nne yake juu ya sweta. Mama alituvika mimi na Chebet sweta za shule zinazofanana na kutufunga vitambaa vya aina moja kichwani, ili asijulikane mtoto wa nani ni yupi. Tukatoka hivyo mchana kweupe, wachezaji wale, mama yangu, mama yake Chebet na watoto, kuelekea kituo cha polisi, umbali wa kama kilomita moja.

Penye kinu kidogo cha posho, cha kusagia mahindi ya mtaani, tairi zilikuwa zikiwaka, na vijana kama ishirini walikuwa wameziba njia kwa magogo. Mmoja wao nilimfahamu vizuri. Ndiye aliyekuwa akipiga ile ngoma kubwa nyuma ya goli, na baba akiokoa mpira alikuwa akilia kwa furaha. Alimtazama baba, kisha akamtazama Kiprono, na akasema polepole, “Captain, nyinyi piteni. Huyo abaki.”

Chebet aliniminya mkono hadi ukauma. Baba aliendelea kutembea mpaka akasimama karibu naye kabisa.

“Tumebakisha mechi tatu,” baba alisema. “Huyu akibaki hapa, nani atacheza namba nne? Wewe?”

Wachezaji wengine walikuwa wamesogea, wamemzunguka Kiprono kama wanavyozunguka mtu aliyeumia. Sijui tulisimama pale kwa muda gani. Hatimaye yule kijana aliangalia chini akasogeza kipande cha gogo kwa mguu, na wenzake wakaturuhusu tupite kwenye ule mwanya, tukiwa tunakohoa kwa moshi wa tairi. Hakuna aliyetugusa. Kituoni kulikuwa na basi lililokuwa likisindikizwa na askari kwenda Kericho, kwa Wakalenjin. Kiprono alipanda wa mwisho. Alimwambia baba, “Usifungwe kabla sijarudi,” na baba akamjibu, “Basi rudi mapema.” Walisema hayo kama watu wanaoagana kwa wiki moja. Chebet aliondoka na kitambaa cha mama.

Wiki zilipita. Wakubwa wa siasa walipeana mikono kwenye televisheni, barabara zikafunguliwa, tukarudi shule, na nilichokitazamia mimi kilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa na hakika kwamba mechi zetu zingechezwa. Ilikuwa haiwezekani kwangu kwamba watu wazima, ambao walitulazimisha kumaliza hata chakula kilicho kwenye sahani, wangeacha kitu kikubwa hivyo katikati. Baba aliamka saa kumi na moja kukimbia kabla ya kazi. Kila Jumamosi alimpigia Kiprono simu kumuuliza kama anafanya mazoezi. Mwalimu Odhiambo aliandika barua tatu, zikakosa jibu, na baba akaomba ruhusa kazini akaenda Nairobi mwenyewe. Alirudi jioni, viatu vyake vya kanisani vikiwa na vumbi. Katika ofisi ya kwanza aliambiwa angoje waraka. Katika ya pili, mtu mmoja aliyekuwa akinywa chai alimweleza kwamba kuna viongozi wapya wa chama sasa, na msimu ule haukuwa wao.

Tulipata habari kwa redio, Jumatano, tukila githeri ya mahindi na maharagwe. Mtangazaji alisoma habari za bei ya mafuta, kisha akasema kwa sentensi mbili kwamba msimu wa ligi umefutwa, hakutakuwa na bingwa, na msimu mpya utaanza baada ya mwezi mmoja. Halafu akaendelea na hali ya hewa. Baba aliendelea kula. Mimi nilianza kulia, nikashindwa kujizuia, nikasema tulikuwa wa kwanza, tulikuwa wa kwanza, mpaka mama aliponiwekea mkono begani. Mama Njeri alikuwa amekaa mbele yangu na watoto wake.

“Wanjiru,” mama alisema, “watu wamezika watoto wao. Wewe unalilia mpira?”

Nilinyamaza. Alisema kweli, na ndiyo sababu maneno yale yaliniuma zaidi. Nilikwenda kukaa nyuma ya bafu, chini ya msimamo wetu wa mkaa, nikijiona mtoto mbaya, na bado nilikuwa na hasira ileile. Sikuwa na mahali pa kuipeleka. Mwezi uliofuata mama mwenye nyumba alipaka ukuta ule chokaa. Kiprono alipata kazi katika kiwanda cha majani chai na hakurudi Nakuru. Chebet aliniandikia barua mbili, kisha akahama shule. Mwalimu Odhiambo alienda kufundisha Kisumu. Baba hakujiandikisha kwa msimu mpya, na Vifaru, bila watu wale, walimaliza karibu na mkia, kisha wakapotea kabisa.

Sasa mimi ni mwalimu katika shule moja ya upande wa Kabazi, na ninafundisha timu ya mpira ya wasichana. Wana kila kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: viatu vyenye njumu, wazazi wanaowapiga picha kwa simu, hata kiwanja chenye nyasi za kukatwa kwa mashine. Mwaka huu walifika fainali ya kaunti. Wiki ile maandamano yakazuka mjini, barabara zikafungwa, na fainali ikaahirishwa. Baada ya wiki tatu ujumbe wa mistari miwili ukaja kwenye simu yangu. Mashindano yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya hali ya usalama, tunawatakia maandalizi mema ya mwaka ujao. Nahodha wangu, msichana wa miaka kumi na minne, aliniuliza ni nani aliyeamua. Sikuwa na jina la kumpa. Yeye mwaka ujao atakuwa ameshamaliza katika shule yetu.

Jumamosi ile nilikwenda kumwona baba, ambaye siku hizi analima kabichi huko Bahati, nje ya mji. Nilitaka maneno ya kuwatuliza wasichana, na nilidhani yeye, baada ya miaka yote hii, anayo. Alinisikiliza huku akipalilia. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Msimu ule bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Tangu Oktoba hakuweza kuinua mkono juu ya kichwa, na Kiprono pekee ndiye aliyejua, ndiyo maana alikuwa akiwasukuma washambuliaji wote upande wa kushoto. Wanairobi wangeligundua hilo ndani ya dakika kumi.

“Tungefungwa ile ya mwisho,” alisema. “Tena vibaya.”

Nilimuuliza kama basi haikuwa afadhali ilivyokuwa. Aliacha kupalilia.

“Afadhali kwa nani? Ningefungwa, ningevua glavu, ningeenda nyumbani. Mimi mpaka leo niko kwenye ile mechi.” Alishika jembe tena. “Waambie wasichana wako wakasirike. Sisi tuliona aibu, tukanyamaza, na wale watu wakaendelea na chai yao.”

Jumatatu baada ya masomo niliwakusanya kiwanjani. Sikuwaambia kwamba kuna watu waliopoteza zaidi. Hilo wanalijua, kuna mmoja wao ambaye kaka yake, aliyejeruhiwa kwenye maandamano, bado yuko hospitali. Niliwaambia kwamba fainali ilikuwa yao, wameifanyia kazi mwaka mzima, na wamenyang'anywa. Niliwaambia wanayo ruhusa ya kulia na ya kupiga kelele, kisha tutakaa chini tuandike barua, na kila mmoja ataweka jina lake. Nahodha alikuwa wa kwanza kulia. Sikumwekea mkono begani. Nilimwacha alie mpaka akamaliza.