Karani wa Barua za Wasomaji

Karani wa barua za wasomaji katika gazeti dogo la mji wa Sfax alikuwa na sauti ya mafua na vidole vilivyokolea wino. Kila barua aliisoma kwa sauti, akizungushia penseli kila jina na kila idadi, kisha akainua simu. Safari hii alimpigia Bi Zohra, mkunga mstaafu, aliyeandika kwamba Hedi, mlinzi wa makaburi, ameikata mizeituni ya pale na kuuza kuni.

"Uliona mwenyewe, bibi, au ulisimuliwa?"

"Mtaa mzima unajua!"

"Mtaa mzima haukutia sahihi, bibi. Umetia wewe."

Bi Zohra akatoka kwa hasira kwenda kuhakikisha. Akaikuta mizeituni yote imesimama, imepogolewa tu, na Hedi yuko juu ya ngazi, anamkaribisha chai. Akaenda gazetini miguu mizito, akaiomba barua yake, karani akamrudishia, naye akaichana.

"Umenisitiri, mwanangu. Ningemtazama vipi usoni?"

Wiki ile akaandika nyingine, ya kumshukuru Hedi kwa kuitunza mizeituni kumi na tisa. Kesho yake simu ikalia.

"Kumi na tisa, bibi? Umeihesabu?"

Bi Zohra akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mara mbili, mwanangu. Chapa!"