Programu Niliyoisoma Tu

Nicheke mimi, lakini mwisho utaacha. Mimi ni fundi wa kompyuta kutoka Nakuru, niko Juba, mtaa wa Buluk, katika ofisi inayorekodi sauti za watu waliotawanywa na vita.

Majuzi bosi aliniuliza kama kompyuta ina programu ya kunakili sauti zile kwenye diski ya pili kila jioni. Nikafungua skrini nyeusi, nikaandika amri ya kuulizia programu. Maelezo yakatiririka: jina, toleo, ukubwa, kazi yake. Nikamsomea yote kwa madaha kama mchungaji.

"Iko, bosi. Wewe lala tu."

Juzi jenereta ilikohoa, umeme ukaruka, diski ya sauti ikafa. Sikujali. Si nakala zipo?

Leo akaja Mama Keji, aliyerudi kutoka Uganda. Mumewe alirekodiwa hapa kabla hajafariki.

"Ustaz, mimi nataka sikia yeye kidogo tu."

Nikampa vipokea sauti, akavivaa, akafumba macho. Nikafungua diski ya pili. Tupu. Nikarudia amri yangu, na maelezo yakatiririka vilevile. Nikajaribu amri nyingine, ya kuuliza kama programu imewekwa. Haijawekwa. Kumbe ile ya kwanza husimulia hata programu isiyomo ndani ya mashine. Nilisoma menyu ya hoteli nikadhani nimeshakula.

Mama Keji alikuwa bado amefumba macho, anatabasamu.

"Ustaz," akasema, "ongeza sauti kidogo. Mimi hapana sikia."