Kitone Chekundu Chini ya Kikombe

Mtaa mzima ulimwita Mama Vyombo, na yeye hakukasirika, maana lilikuwa jina la haki. Jikoni kwake palikuwa na kifaa cha kila kazi, na cha kazi ambazo hazijazuliwa bado. Palikuwa na mashine ya kuchanganyia keki yenye bakuli la chuma, mizani ya kupimia unga, brashi ya kupakia siagi, kidude cha kutolea kokwa za matunda, na kopo zima la vikato vya biskuti: nyota, jani, mwezi, na kimoja ambacho mumewe alishikilia kuwa ni bata na yeye akashikilia kuwa ni ua. Sebuleni lilisimama kabati la vioo, na ndani yake vikombe na visahani vya kauri nyeupe vyenye mstari wa buluu ukingoni. Hivyo alivipangusa hata kama havijaguswa na mtu.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa na kinyaa. Sisemi usafi. Usafi ni jambo jema na kila mtu anao kidogo. Nasema kinyaa, kile cha kumsimamisha mtu vinyweleo. Akialikwa kula kwa watu, alikula kwanza nyumbani, kisha akaenda kuchokoachokoa sahani ya wenyewe kwa adabu. Akipewa maji, aliiinua glasi kwenye mwanga na kuizungusha huku mwenye nyumba akimtazama. Mtu akilamba kijiko na kukirudisha kwenye chupa ya jamu, jamu ile kwake imekwisha, hata kama chupa imejaa hadi shingoni.

Kazi yake nayo haikumsaidia. Alikuwa mpokea wageni kwenye kliniki ya meno, na kutwa nzima, nyuma ya mlango mwembamba, alisikia watu wakisukutua na kutema, wakisukutua na kutema. Wengine walitoka na pamba mdomoni, wakamwegemea mezani na kumwuliza jambo huku udenda unawashuka. Akifika nyumbani alinawa hadi viwiko, akafunga aproni, akawasha oveni. Siagi ilipoanza kulainika na sukari ndani ya bakuli na mashine ikanguruma, alivisahau vinywa vyote vya dunia hii. Hapo ndipo alipokuwa na raha yake, na tusimnyime.

Kisha mama yake akahamia kwake.

Mama alikuwa akiishi peke yake, amekula chumvi nyingi, na alishaanza kusahau jiko. Mara ya kwanza aliunguza sufuria. Mara ya pili pazia lilishika moto, na kama si jirani kurusha ndoo ya maji kupitia dirishani, tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Mama Vyombo alimfuata, akambembeleza, akalia kabisa.

"Nitakuja," mama alisema mwishowe. "Lakini sikiliza. Siku nitakayojua kwamba nakukera, narudi kwangu. Sikai mahali nikawa karaha kwa mtu."

"Utanikera vipi, mama yangu?" alijibu Mama Vyombo, na wakati ule aliamini kila neno alilosema.

Haikuchukua muda. Mama alikuwa na meno ya bandia, ya juu na ya chini, yaliyotengenezwa palepale kliniki kwa binti yake. Chembe ya biskuti ikiingia chini ya meno hayo, aliyatoa mezani, mbele ya watu, akayanyonya pande zote, akayaweka kando ya kisahani yapumzike. Alipenda kuchovya biskuti kwenye chai mpaka ikamomonyoka, halafu akalinywa lile tope la chini kwa kufyonza, sauti ikasikika hadi barazani. Alipangusa pua kwa kiganja, na kiganja hichohicho kikaingia kwenye kopo la biskuti kubonyeza moja baada ya nyingine kutafuta iliyo laini. Zilizobaki zilikuwa na alama za vidole. Mama Vyombo alizitazama biskuti zake, alizozikata moja moja kama mtu anayekata kitambaa cha harusi, akalifunika kopo bila kula hata moja.

Alijikaza kisabuni. Alitoka nje kupunga upepo, alimeza mate, alijitia hamnazo. Mpaka siku aliyorudi kutoka kazini, akatoa jagi la kupimia maziwa ili aanze keki ya ndimu, akakuta meno yanamchekea kutoka ndani, yamelowekwa, na kipande cha mchicha kinaelea juu.

Siku hiyo keki haikupikwa. Mama alipoingia kuoga, Mama Vyombo alichagua kikombe kimoja, kisahani, sahani, bakuli na kijiko, na wala hakuchagua vizuri: kikombe chenyewe kilikuwa na pengo ukingoni. Akachukua chupa ya rangi ya kucha, akatia kitone chekundu chini ya kila chombo. Akanunua sponji nyingine, akaikata ncha ili aitambue, akaificha nyuma ya bomba la sinki. Tangu hapo vyombo vya mama vilioshwa peke yake, vikakaushwa peke yake, vikakaa rafu ya peke yake.

Alimweleza mumewe, maana alitaka mtu wa kumwambia kwamba amefanya sawa.

"Huyo si mama yako mzazi?" mume aliuliza.

"Ndiye."

"Basi mimi simo," akasema, akaendelea na gazeti lake.

Lakini mama, pamoja na kusahau jiko, macho yake yalikuwa mazima. Hazikupita siku nyingi akakigeuza kikombe wakati anakipangusa.

"Hiki kitone ni cha nini, mwanangu?"

Mama Vyombo alihisi uso unamchoma. "Ni alama tu, mama. Kijulikane kuwa ni chako. Mtu mwingine asikitumie."

Uongo haukuwemo hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi baadaye. Mama alikaa chini. Alikigeuza kikombe tena, akakipapasa kile kitone kwa kidole gumba. Alikuwa amelea watoto wengi katika nyumba ya vikombe vichache, na maisha yake yote alikunywa wa mwisho, kwa chochote kilichobaki, mara nyingine kwa kopo la maziwa ya unga.

"Sijawahi kuwa na kikombe changu," alisema. "Kweli mwanangu, umenikumbuka."

Basi akaanza kutamba nacho. Alimweleza muuza nyanya wa pale kona, akamweleza fundi aliyekuja kurekebisha bomba, akamweleza na mwenye duka ambaye hakuwa hata na haja ya kujua. "Kwa binti yangu nina vyombo vyangu, vimetiwa alama." Alikunywa kwa kikombe kile chenye pengo kwa fahari ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuonyesha kwa vile vya kwenye kabati. Mama Vyombo akisikia hayo alikosa pa kuweka uso wake. Alianza kujionea kinyaa mwenyewe, na hicho hakikutoka kwa sabuni. Hata hivyo sponji iliyokatwa ncha hakuitupa.

Jumapili moja alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Huyu alipika jikoni kwenye hospitali kubwa, mtu mwema sana, ila mdomo wake haukuwa na breki. Mama Vyombo alikuwa ameoka biskuti za siagi zenye maganda ya ndimu, amevitoa vikombe vya kabatini, amepanga kila kitu juu ya kitambaa cheupe. Wifi alikula mbili kabla hajakaa vizuri.

"Shikamoo, mama. Wanakutunza lakini?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona wananidekeza!" Mama alikuwa katikati ya chai yake, biskuti tatu zimeshazama humo. "Nyie mnakunywa kwa vya wageni. Mimi nina changu. Hebu ona." Akakiinua kikombe juu ya kichwa, kwa uangalifu chai isimwagike, wifi akaona chini.

"Ala! Kitone chekundu?" Wifi aliweka biskuti mezani. "Kwetu hospitali chombo chenye alama nyekundu ni cha wagonjwa wa kuambukiza. Hakichanganywi na vingine ng'o, hata sponji yake ni mbali. Mama, kwani unaumwa nini?"

Gazeti la mume lilishuka.

Mama alikishusha kikombe taratibu. Akatazama rafu ya jikoni, ile ya peke yake, iliyoonekana vizuri kupitia mlangoni. Akatazama vikombe vya wenzake. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga.

"Siumwi kitu," alimjibu wifi. Kisha akamgeukia binti yake, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Mwanangu, begi langu uliliweka wapi?"

"La nini, mama?"

"Nataka kesho nirudi kwangu. Pazia jipya nitanunua."

Mama Vyombo aliliona pazia lile likiwaka. Aliona dirisha, na safari hii jirani hayupo. Alitafuta la kusema akakuta kila sentensi iliyopo ni ya uongo, na mama anamsoma usoni. Basi akanyoosha mkono, akakivuta kikombe chenye pengo kutoka mbele ya mama yake, akakiweka mdomoni.

Chai ilikuwa imepoa. Ukingo ulikuwa na ute, na midomo yake iliusikia kabla ya kitu kingine chochote. Juu palikuwa pepesi, palipita. Kisha likaja tope, zito, la uvuguvugu, likateleza polepole juu ya ulimi wake mafungu kwa mafungu, na ndani ya fungu moja mlikuwa na kipande kigumu ambacho hakuthubutu kukitambua. Machozi yakamjaa. Mwili wote ulimwambia tema, hata kwenye kitambaa cheupe, tema. Akameza. Akakigeuza kikombe mpaka tone la mwisho, akameza tena, akakirudisha kwenye kisahani chake.

"Biskuti zimekolea ndimu," alisema, sauti imekwaruza.

Hata wifi, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake aoe, alinyamaza. Mama alimtazama binti yake shingoni, pale ambapo funda lilikuwa limepita. Kisha akavuta kopo la biskuti, akabonyeza moja, akabonyeza ya pili, akachukua ya tatu. Habari ya begi haikutajwa tena jioni ile.

Mama Vyombo hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda kliniki hivyohivyo. Kutwa nzima watu walisukutua na kutema. Safari hii hakuwasikia, alikuwa anaifikiria nyumba: je, atamkuta mama, au atakuta kitanda kimetandikwa na chumba kitupu?

Alimkuta jikoni. Meza yote ilikuwa imejaa vyombo vilivyogeuzwa chini juu, vya kabatini na vya kila siku, na harufu ya rangi ya kucha ilimpiga mlangoni. Kila chombo kilikuwa na kitone chekundu, kikubwa, kilichoyumba kwa mkono unaotetemeka. Kila kikombe chenye mstari wa buluu. Kila sahani. Mizani. Bakuli la chuma la mashine, lililochuruzika rangi hadi ubavuni. Hata yule bata, au ua, alikuwa na kitone mgongoni. Chupa ilikuwa tupu.

"Mama! Umefanya nini?"

"Niliona si vizuri alama niwe nayo mimi peke yangu," mama alisema. Alikuwa na rangi hadi kwenye nyusi. "Nimekutilia na wewe, na mumeo. Na wifi akija, ana chake."

Mama Vyombo alisogea kwenye sinki kuificha sura yake, na hapo akaona. Juu ya sinki palikuwa na sponji moja. Ile iliyokatwa ncha haikuwa nyuma ya bomba tena, ilikuwa ndani ya ndoo ya taka, juu kabisa, imewekwa mahali pa kuonekana.

Akageuka. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Nilisema siku nikijua nitaondoka," mama alisema, akichagua kikombe kimoja mezani. "Nimejua. Jana uso wako ulikunjamana, nikasema sasa huyu anatapika. Lakini ulimeza."

Akamimina chai, akaidondoshea biskuti, akaikoroga kwa kijiko, akakilamba kijiko, akakirudisha ndani. Akamsukumia.

Mama Vyombo alikishika kikombe. Kinyaa kilikuwa palepale, hakikupungua hata punje. Hakukiinua kwenye mwanga. Alivuta kiti, akakaa karibu na mama yake, akanywa.