Mpiga Taipu na Muswada wa Fukusi

Mpiga taipu wa kituo cha utafiti pale Kisii alikuwa na vidole vya mchuma chai, na kila kosa alilikwaruza kwa wembe taratibu, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Onyancha, mtafiti wa fukusi, mdudu anayetoboa migomba, alimpenda na kumwogopa. Ijumaa moja ya mwaka wa 1974 muswada wake kuhusu fukusi hao ulikuwa uende posta, kwa jarida la ng'ambo, lakini mpiga taipu akauzuia.

“Daktari, miaka mitatu akina mama wa kijijini Ikonge wamekupikia ndizi na kukuhesabia wadudu migombani mwao. Muswada unaondoka bila kuwashukuru hata kwa jina?”

Onyancha akaona haya, akatoa kalamu ayaandike majina yao. Mpiga taipu akavuta droo. Ndani mlikuwa na ukurasa wa shukrani: majina yote kumi na moja yalikuwa yameshapigwa chapa, nakala tatu, na la kwanza lilikuwa Nyamoita, mama yake Onyancha mwenyewe.