Muziki Uliotuletea Pole

Leo jirani amekuja kutupa pole ya msiba, na nyumbani hakuna aliyekufa.

Dada yangu Neema anatunga muziki wa filamu ya mjane asiyesema neno. Hakuna ngoma wala gitaa. Ni mashine ya kukoboa mpunga ya hapa Kibaoni, kairekodi na kuipunguza mwendo mpaka inaguna.

(Mimi nilidhani spika imekufa. Nilinyamaza, nakula kwake.)

Jana mwongozaji alimwambia hasikii huzuni humo. Asiporekebisha leo, anatafutwa mtunzi mwingine.

Asubuhi akaiwasha rekodi yake kwa sauti kubwa.

Hodi! Mama Salima mlangoni, kanga kiunoni, uso umeshuka.

"Poleni wanangu. Ni nani?"

"Shikamoo mama. Hakuna msiba, ni muziki."

"Marahaba. Muziki? Mimi nimesikia mtu analia!"

Neema akamkumbatia huku anacheka.

Nikajua mama atanuna. Wala. Akavua ndala, akakaa mkekani.

"Hebu iwashe tena. Baba Salima tulimzika mafuriko yanakuja. Sikupata nafasi ya kulia."

Tukaisikiliza yote. Akalia.

Kisha Neema akamwandikia mwongozaji: sibadilishi kitu.

Nyie mngebadilisha?