Keki ya Asali Niliyoipima kwa Chupa

Nakiri mbele yenu, ndugu zangu: mimi ni mwalimu wa hesabu, na juzi hesabu iliniumbua jikoni. Bi Mwajuma, jirani yangu hapa Tabora mjini, aliniagiza keki ya asali kwa sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Ilikuwa oda yangu ya kwanza, na sikutaka kumwangusha.

Maelekezo yalitaka unga gramu mia tano na asali gramu mia tano. Mizani sikuwa nayo. Nikajiambia, nusu lita ya maji ina gramu mia tano, basi chupa ya nusu lita itapimia kila kitu. Nikajaza unga chupa moja, asali chupa moja, nikajiona nina akili kuliko wauza mizani wote.

Keki ilitoka imebonyea katikati, inanata kama gundi. Bi Mwajuma akaingia kabla sijaificha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii ni keki au uji?"

Nikamweleza habari ya chupa. Akaenda kwake, akarudi na mizani, akaniambia nipime unga wa chupa moja. Mshale haukufika hata mia tatu. Tukapima asali, ukagonga mia saba.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Bi Mwajuma alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanisogezea bakuli safi.

"Sherehe ni kesho, mwanangu. Wewe mimina, mshale nitausoma mimi."