Kofia ya Mkalimani wa Sinema

Mbula alimdharau mkalimani yule tangu siku alipoziona kucha zake, safi kama za mtoto mchanga, naye akijidai mbele ya wakata mkonge. Kila gari la sinema lilipokuja shambani kutoka Thika, alipanda juu ya kreti, akapuliza kipaza sauti fuu, fuu, akakohoa kama askofu, kisha akaanza kuwaeleza watu mambo ambayo macho yao yalikuwa yameshayaona. Farasi akikimbia, yeye alipaza sauti, "Farasi anakimbia!"

Jioni hiyo Wazungu waliimba na kucheza kwenye shuka jeupe la sinema mpaka Mbula akawachokea. Mwishowe bibi harusi akamwacha tajiri kanisani, akamkimbilia mpiga kinanda asiye na mbele wala nyuma. Nyuso zao zilipokaribiana, mkalimani akafanya kama kawaida yake: akaruka chini, akaikinga taa ya mashine ya sinema kwa kofia, na lile shuka jeupe likawa giza tupu.

"Sasa anamwomba baba yake msamaha," akatangaza. "Kesho atarudi kwa tajiri. Mbuzi wameshapokelewa."

"Mbuzi gani, wewe?" Mbula akafoka. "Tumekaa hapa tangu mwanzo, hatujaona hata kwato! Toa kofia!"

"Toa kofia!" watu wakaitikia kwa kicheko.

Hakuitoa. Mbula akainuka, akamwendea amnyang'anye, na ndipo alipomwona vizuri: mkalimani, huyo mwalimu wa adabu, ameinama, uso karibu uzame kofiani, mwanga wa busu ukimchezea mashavuni, mdomo wazi, akilitazama humo kofiani peke yake mpaka mwisho.